Orodha ya Langoni

Nilifanya kazi ya reli kwa miaka 28, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliketi nyuma ya dirisha la tiketi hapa Tabora. Msomaji aliyepata kupita stesheni yetu anajua kwamba mji huu ni njia panda. Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1928 tawi la kwenda Mwanza likakamilika. Abiria wa pande zote walikuja dirishani kwangu, nami nikajifunza jambo moja lililonitosha katika kazi: mwenye tiketi anapanda, asiye na tiketi anabaki. Sikuona ukatili wowote ndani yake. Ndivyo treni inavyokwenda.

Nilipostaafu nilikabidhi funguo, mihuri na vitabu vya hesabu. Sikujua kwamba lile dirisha nimeondoka nalo kichwani.

Mjukuu wangu, ambaye mimi na mke wangu tunamlea kwa kuwa wazazi wake wanahangaika na maisha Dar es Salaam, alikuwa darasa la tatu mwaka 2014. Wazazi wa shule yao walikuwa na kamati yao ya sherehe, na kwa kuwa mtu aliyefanya kazi ya hesabu hafichiki mtaani, wakanichagua mweka hazina. Sherehe ilikuwa ya kufunga mwaka: wazazi na watoto wakae pamoja siku moja ya likizo ya Desemba, wale, wacheze, waagane. Jambo jema kabisa. Hakuna aliyekaa katika kikao kile akiwa na nia mbaya.

Tulianza kwa kuuliza sherehe nzuri inahitaji nini. Mmoja akasema turubai na viti, maana mvua za Desemba hazina adabu. Mwingine akasema muziki na msherehesha, kwani sherehe isiyo na kipaza sauti ni kama msiba. Akatokea wa keki. Akatokea wa soda. Pilau haikuhitaji hata kutajwa, ilikuwamo tangu mwanzo. Tukajumlisha, tukagawanya, tukapata shilingi 10,000 kwa kila familia. Nilitengeneza orodha kwa mwandiko wangu bora, jina kwa jina, na mbele ya kila jina nikaacha nafasi ya kuweka alama ya vema.

Familia zilikuwa 140. Zilizolipa zilikuwa 81. Siku ya sherehe mwenyekiti aliniambia, "Mzee, wewe unazijua hizi kazi, kaa langoni." Nikakaa langoni, na orodha yangu magotini.

Yapata saa nne akaja bibi mmoja wa kutoka Ng'ambo, ameshika mkono wa mjukuu wake, binti wa darasa moja na mjukuu wangu. Binti alivaa sare ya shule, imefuliwa na kupigwa pasi, nywele zimesukwa upya. Bibi alibeba kapu la embe. Alinisalimu kwa heshima ya Kinyamwezi, "Mwangaluka," nami nikamwitikia vivyo hivyo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ili waliokuwa nyuma yake wasisikie, "Elfu kumi sijaipata, baba. Lakini nimeleta hizi, za mwembe wangu."

Nilitazama orodha. Nilijua jina halina alama, lakini nilitazama, kama nilivyokuwa nikitazama kitabu cha nafasi za behewa wakati najua limejaa. Nikasema, "Bibi, jina halina malipo. Tukimruhusu mmoja, wale waliolipa watasema nini?"

Wakati nasema hayo, mwenzangu mmoja wa kamati aliyekuwa akipokea vitu vya jikoni alipita, akaliona kapu, akalichukua kwa mazoea, akasema, "Ahsante sana, mama," akaenda nalo ndani. Bibi akalitazama kapu linavyokwenda. Akanitazama mimi. "Haya, baba," akasema. "Kaeni salama." Akageuka na mjukuu wake wakarudi walikotoka. Binti hakulia. Nimekwisha kuona watoto wengi wakikosa safari stesheni, na ninajua kwamba asiyelia ndiye aliyeelewa.

Embe zile zilikatwa vizuri, zikapangwa kwenye sinia, zikawekwa meza kuu. Nilikula vipande viwili.

Usiku mjukuu wangu, akiwa bado na harufu ya soda mdomoni, aliniuliza, "Babu, mbona hukumpa tiketi?" Nikamwambia kwamba haikuwa tiketi, ilikuwa mchango. Akaniuliza tofauti yake ni nini. Nikamwambia alale.

*

Baada ya sherehe mweka hazina hutoa hesabu, nami nikatoa. Mapato yalikuwa shilingi 810,000, na matumizi yalikuwa hivyo hivyo bila kubaki hata senti. Turubai na viti 180,000. Muziki na msherehesha 150,000. Keki 90,000. Soda 120,000. Pilau, pamoja na nyama, viungo na wapishi, 270,000. Kamati ikapiga makofi, ikasema hesabu safi.

Lakini mimi nilibaki na karatasi ile, na kila nilipoisoma niliona kitu kingine. Turubai, viti na muziki vilikula 330,000, yaani shilingi nne katika kila kumi, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeshiba kwa vitu hivyo. Uwanjani kwetu kuna miembe minne mikubwa yenye vivuli vya kutosha kijiji kizima. Madarasani kuna madawati. Tulikodi kivuli, tukakodi na pa kukalia, halafu tukamwambia yule bibi kwamba hana nauli ya kuingia chini ya kivuli tulichokikodi bila sababu. Familia 59 zilibaki nje. Baadhi zingeweza kulipa zikapuuza, sikatai. Lakini orodha haina uwezo wa kutofautisha aliyepuuza na aliyekosa. Wote huwaandika kwa namna moja, nafasi tupu.

Mwaka 2015 hatukufanya sherehe. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na kila mtu alikuwa na mikutano yake. Kisha Rais John Magufuli, kabla hata ya kutimiza mwezi mmoja tangu kuapishwa, akafuta sherehe za Uhuru za 9 Desemba na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi nchi nzima, kwa sababu kipindupindu kilichoanza Agosti mwaka huo kilikuwa kimeenea mikoa mingi. Basi wazazi tukaitana shuleni tukafagie.

Nami nikaona jambo ambalo lilinikaa rohoni. Kila mtu alikuja na alichonacho. Mwenye fyekeo alifyeka, mwenye ufagio alifagia, mwenye toroli alizoa takataka, na asiye na chochote aliokota makopo kwa mikono yake. Hapakuwa na mtu langoni. Hakuna aliyejua nani hakuleta kifaa, kwa sababu wote walikuwa wameinama. Saa tano tukakaa chini ya mwembe tukala embe zilizoanguka, tukacheka sana. Nikajiuliza: hivi hii si ndiyo sherehe tuliyoikodi kwa laki nane mwaka jana?

*

Januari 2016 serikali ilianza kutekeleza elimumsingi bila ada, kuanzia awali hadi kidato cha nne, na michango ya lazima ikapigwa marufuku. Kwa hiyo tulipokutana Oktoba ya mwaka huo kuzungumzia sherehe, mwalimu mkuu alitutangulia kwa maneno mafupi: uwanja na madawati tutapewa, lakini hakuna mwalimu atakayegusa fedha, na hakuna mtoto atakayedaiwa. Wengi walipumua kwa kukata tamaa. "Basi hakuna sherehe," akasema mmoja, "maana bila kulazimishana watu hawatoi."

Niliomba nafasi. Sikuzoea kusema vikaoni, kazi yangu ilikuwa kusoma tarakimu. Niliwasimulia habari za yule bibi, nikawaambia pia kwamba nilikula embe zake. Ukumbi ulinyamaza. Wapo walioinamisha vichwa, maana sinia lile lilipita mbele yao pia. Kisha nikawaomba wanisaidie kupanga sherehe ambayo haitakuwa na mtu langoni.

Mzee mmoja aliyeketi karibu na dirisha akakohoa, akatukumbusha kwamba Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora, na kwamba uamuzi uliofikiwa ukaitwa Uamuzi wa Busara. "Kama wazee wetu waliweza kuamua habari za nchi nzima katika mji huu," akasema, "nyinyi mtashindwa habari ya sufuria?" Watu wakacheka, na kikao kikaanza upya.

Tulianza na siku, nayo siku ikatufundisha. Desemba ya 2016 ilikuwa na sikukuu za Uhuru, Maulidi na Krismasi. Tabora ni mji wa misikiti na makanisa, na ukiipeleka sherehe upande mmoja umewaacha wengine. Uhuru ni wa wote, ila mwaka huo 9 Desemba iliangukia Ijumaa. Waislamu wangehitaji kuwahi swala ya mchana. Wasabato sabato yao ingeanza jioni. Na mvua zetu za Desemba mara nyingi hupenda kushuka baada ya adhuhuri. Tukaona kwamba mambo yote matatu yanasema neno moja: anzeni mapema, malizeni mapema. Tukapanga saa mbili asubuhi hadi saa tano na nusu. Na hapo ndipo nilipogundua, mimi mtu wa hesabu, kwamba sherehe fupi ni sherehe ya bei nafuu. Mlo mmoja badala ya miwili. Hakuna taa, hakuna turubai, hakuna saa za ziada za muziki. Vikwazo tulivyovihofia vilitupunguzia gharama kuliko ubahili wowote.

Kisha tukaja kwenye chakula. Badala ya kuuliza tunatamani nini, tuliuliza Desemba nyumba za Tabora zina nini. Mahindi mabichi bado, mashamba ndiyo kwanza yanapandwa. Lakini ghalani kuna mahindi makavu na maharage ya mavuno yaliyopita. Kuna michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Kuna karanga. Na embe ndio wakati wake, zinaoza chini ya miti. Basi chakula kikawa makande, michembe, karanga za kukaanga na embe. Kinywaji kikawa chai ya rangi yenye tangawizi. Sukari mwaka ule iliadimika ikapanda bei nchi nzima, lakini mzazi mmoja mfuga nyuki mwenye mizinga kule upande wa Sikonge akaahidi ndoo ndogo ya asali. Mama mmoja alisikitika kwamba watoto watakosa soda. Mwingine akamjibu kwamba watoto wa Dar es Salaam hutafuta asali ya Tabora kwa fedha, na wa kwetu wanaililia soda.

*

Kulikuwa na tatizo la kupika. Familia 140, ukikadiria watu wanne kila moja, ni watu 560. Kukodi wapishi na masufuria ya kiasi hicho kungeturudisha kwenye elfu kumi zetu. Hapo nikakumbuka masimulizi ya nyumbani.

Babu yake baba yangu alikuwa mpagazi. Wanyamwezi wa zama zile walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Walibeba pembe za ndovu kutoka huku hadi Bagamoyo, safari ya kilomita zaidi ya 800 ambayo misafara mingi iliimaliza kwa miezi mitatu hivi, na mtu mmoja alibeba hata frasila mbili, yaani takriban kilo 32, mbali na mkeka na chungu chake. Msafara ungeweza kuwa na mamia ya watu. Wangekulaje? Hawakuwa na jiko moja kubwa. Jioni waligawanyika katika kambi ndogo ndogo za watu wachache, kila kambi na moto wake na chungu chake, huyu akichota maji, yule akikata kuni, yule akisonga. Posho, neno ambalo leo tunalitumia vikaoni, ndiyo iliyokuwa haki yao ya chakula cha njiani. Na nyumbani kwetu tulisimuliwa kwamba babu yule alikuwa akisema: aliyeishiwa posho leo mpe, maana kesho ndiye atakayekubebea mzigo ukishikwa na homa.

Nikapendekeza tugawanyike kikambi. Familia kumi kumi kwa ujirani wa mitaa, kambi 14, kila moja na mafiga matatu na sufuria lake chini ya mwembe. Sufuria la kupikia watu arobaini halikodishwi, lipo katika kila mtaa, ni lile la misibani. Watu wa kambi wanajuana, anayeumwa wanajua, mwenye mzigo mzito wanajua, na hawahitaji kutangaziana.

Likabaki jambo gumu kuliko yote: namna ya kutoa. Wapo waliotaka kila familia iandikwe imeleta bakuli ngapi, ili haki itendeke. Niliwaelewa, kwa kuwa hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe ya miaka miwili nyuma. Tulibishana hadi giza likaingia. Mwisho tukakubaliana hivi. Katika stoo ya shule yatawekwa magunia mawili, la mahindi na la maharage, na mkebe wa fedha wenye tundu. Mlango utakuwa wazi siku tatu mchana kutwa. Mtu ataingia peke yake na kikapu chake, atatoka peke yake. Aliyemimina debe na aliyemimina konzi moja wote watatoka na kikapu kitupu. Hata asiye na kitu ataweza kuingia akasimama kidogo akatoka, na hakuna atakayejua. Orodha tutakuwa nayo, kwa sababu bila orodha huwezi kujua sufuria ziwe ngapi. Lakini itakuwa orodha ya watakaokula, siyo ya waliotoa.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nimeutamka usemi huo mara nyingi harusini. Siku ile ndipo nilipoona kwamba moyo nao unahitaji kupewa mlango wa kupitia, na mlango wenyewe usiwe na mlinzi.

*

Wiki moja kabla ya siku yenyewe nilikwenda Ng'ambo. Sikumtuma mtu, nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta yule bibi uani anapepeta karanga. Alinikaribisha kigoda, akaniletea maji, kama kwamba mimi ni mgeni wa heri. Nilimwomba radhi kwa siku ile ya langoni. Nilizungumza muda mrefu, nafikiri mrefu kupita kiasi, habari za kamati na za hesabu.

Akaacha kupepeta. "Baba," akasema, "mimi kufukuzwa sikukukasirika. Sherehe ina gharama zake, na mimi sikuwa nayo fedha. Nilikasirika kwa kuwa embe mlizipokea."

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Nikamweleza kwamba safari hii hakuna kiingilio. Akanitazama kwa makini, kama mtu anayepima nguo sokoni. "Nitakuja," akasema. "Lakini nitakuja mikono mitupu. Karanga ninazo, unaziona. Sitaleta hata moja. Nataka nione."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa na hofu. Nilijua kwamba sherehe yetu yote, pamoja na magunia na makambi yake, itapimwa na mwanamke mmoja mwenye mikono mitupu.

Mlango wa stoo ulipofungwa siku ya tatu tulipima. Mahindi kilo 61, maharage kilo 27. Mkebe ulikuwa na shilingi 94,700, nyingi zikiwa sarafu. Nani alitoa nini, sijui mpaka leo, na nimezoea kutojua. Tulinunua vitunguu, nyanya, chumvi na mafuta kwa 38,000, majani ya chai na tangawizi kwa 9,000, sabuni za kunawia kwa 6,000, kamba ya kuvutana kwa 10,000, na madaftari na penseli za zawadi kwa 22,000. Jumla 85,000. Zikabaki 9,700.

Mahindi na maharage yalilowekwa tangu jana yake, na moto ukawashwa saa kumi alfajiri. Kwa kuwa kipindupindu kilikuwa bado kinatusumbua akili, hatukutengeneza juisi. Embe ziliosha vizuri zikaliwa kwa kumenywa, maji ya kunywa yalichemshwa, na kila kambi iliweka ndoo ya kunawia kabla ya sufuria, siyo baada. Kulipopambazuka uwanja ulikuwa na moshi 14 unaopanda kati ya miembe, nami nikafikiri kwamba babu yake baba angepita pale angejua pa kutua mzigo.

Watu walianza kuingia saa mbili. Lango lilikuwa wazi, na mimi nilijipangia kazi ya kupasua kuni mbali nalo, ili macho yangu yasirudie tabia yake. Watoto walivutana kamba na wazazi wao, wakakimbia na magunia, mabinti wakacheza rede na mama zao waliojifunga kanga viunoni. Wazee walitandika bao. Mmoja alileta redio yake na kanda za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na baada ya nyimbo mbili wajukuu wakashangaa kuona babu zao nao wana viuno.

Bibi alifika saa tatu, na mjukuu wake. Mikono ilikuwa mitupu kweli; aliitanguliza mbele kidogo, kama askari aliyesalimu amri, au labda ni mimi tu niliyeona hivyo. Alisimama langoni. Akatazama kushoto na kulia, akimtafuta mwenye orodha. Hakumwona. Akasimama hapo kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari ya Kigoma. Kisha mama mmoja wa kambi yao ya Ng'ambo, ambaye hakujua lolote kuhusu ahadi yetu, akapaza sauti: "Mama mkubwa, umechelewa! Njoo utuonjee hii chumvi, sisi tunabishana tu!"

Akaenda. Akaonja. Akasema imepungua.

Alikula kama watu wengine, akanywa chai ya asali vikombe viwili. Hakuna aliyemuuliza alileta nini, kwa sababu hakuna aliyekuwa na namna ya kujua. Mjukuu wake na wa kwangu, ambao kwa miaka miwili walikaa darasa moja bila kuzungumza, walikuwa upande mmoja wa kamba. Walishindwa, wakaanguka pamoja chali.

Saa tano na nusu tulizima moto. Madawati yakarudi madarasani, sufuria zikasuguliwa kwa majivu. Waislamu wakawahi msikitini. Wingu jeusi lilikuwa limekwisha kusimama upande wa mashariki.

Nilimwona bibi akiinama chini ya mwembe mkubwa, anaokota embe, moja moja, anazichagua, anaziweka kwenye pindo la kanga. Alipopita karibu yangu akasimama. "Hizi ndizo zangu za mwaka juzi," akasema. "Nilileta ishirini na tatu. Nimechukua saba. Zilizobaki nitakudai." Hakucheka, lakini jicho lake lilicheka. Kisha akaenda, na mjukuu wake akimfuata.

Msomaji wangu, huenda nawe umepewa daftari la kamati mahali fulani, shuleni, msikitini au kanisani, na umeambiwa upange sikukuu kwa fedha kidogo. Sina mengi ya kukufundisha. Tazama miti yako kabla ya kukodi turubai. Uliza ghala lina nini kabla ya kuuliza roho inataka nini. Fanya mambo yawe mafupi. Na siku ya sherehe, kama hesabu zako ni nzuri, orodha iache nyumbani.

Mimi yangu ya mwaka 2014 ninayo bado. Nyuma yake nimeandika: embe 23, zimelipwa 7.